Shahidi Asiyechoka: Kamera ya Intaneti na Miti ya Likasi

Mzazi akaaye na mtoto wake kila siku hatambui jinsi mtoto anavyokua. Mjomba aliyekwenda kufanya kazi mbali kwa miaka miwili ndiye anayeshangaa mlangoni na kusema: “Kumbe mtoto amekuwa mkubwa hivi!” Mambo ya nchi nayo ni vivyo hivyo. Vilima vinavyouzunguka mji wa Likasi huonwa na wenyeji kila asubuhi, na jicho limevizoea. Mti mmoja ukikatwa leo na mwingine kesho kutwa, hakuna anayeshtuka. Baada ya miaka michache mama aenda kutafuta uyoga mahali alipoonyeshwa na bibi yake, akute visiki na majani makavu tu.

Siku hizi kuna chombo kiwezacho kutusaidia kuona mabadiliko ya namna hiyo. Ni kamera ya intaneti. Ikiwekwa mahali pamoja, hupiga picha kwa saa iliyopangwa na kuituma yenyewe kwa njia ya mtandao. Picha hizo zikipangwa moja baada ya nyingine na kuonyeshwa upesi, mwaka mzima hupita mbele ya macho kwa nusu dakika. Leo twataka kueleza jinsi chombo hicho kinavyowekwa, na kinavyoweza kuwafaa vijana wa shule na wa parokia katika mji kama Likasi. Hatutasema kwamba kazi hii ni ngumu. Lakini yadai saburi, na watu wenye saburi ndio watakaofaidi.

KAZI ILIYOANZA ZAMANI

Kuyafupisha majira kwa picha si jambo jipya. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith alionyesha filamu ya maua yaliyochanua mbele ya watazamaji kwa muda mfupi sana. Alikuwa amelipiga ua picha moja moja, akingoja kati ya picha na picha, kisha akaziendesha zote kwa mwendo wa sinema. Njia ni ile ile hata leo. Kilichoongezeka ni kwamba kamera yaweza kukaa mlimani na picha zikapokewa mjini.

Kamera ya kwanza inayotajwa sana katika habari hizi haikuwekwa kwa jambo kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1991, wataalamu waliweka kamera itazame birika la kahawa, ili aliye chumba cha mbali asitembee bure na kukuta birika tupu. Mwaka 1993 picha zake zikaanza kuonekana duniani kote, na mwaka 2001 kamera ikazimwa. Ilianza kama mzaha, lakini watu wakajifunza kwamba jicho laweza kuwa mahali pamoja na mwenye kutazama mahali pengine.

Hapa kwetu Kongo kazi hiyo imefanywa kwa sababu nzito zaidi. Juu ya Goma uko mlima wa moto Nyiragongo, ambao tarehe 17 Januari 2002 uliumimina mto wa moto hadi ndani ya mji. Wataalamu waliweka kamera kwenye ukingo wa shimo lake, zipige picha kwa mfuatano zikilitazama ziwa la moto lililokuwa chini. Kwa kuwa zilitazama kutoka pande mbali mbali, kama macho yetu mawili, waliweza kupima kimo cha ziwa. Wakaona kwamba ziwa lilipanda na kushuka kwa kadiri gesi ilivyojikusanya chini yake na kutoka. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2017. Hata hivyo tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila kutoa kwanza dalili zile zinazotazamiwa. Kamera, basi, si nabii. Yashuhudia yale iliyoyaona, na si zaidi.

Mfano mwingine ni Yangambi, katika msitu mkubwa karibu na Kisangani. Kati ya miaka ya 1930 na ya 1950, watu wa kituo cha utafiti walizunguka kwenye miti iliyochaguliwa, wakiandika katika daftari ni upi umetoa majani, ni upi una maua, ni upi una matunda. Hawakuwa na kamera. Walikuwa na miguu, macho na kalamu. Daftari zao zilikaa muda mrefu bila kusomwa, hata watu wengi wa kujitolea wakasaidia kuzinakili kwa njia ya intaneti. Sasa hutumiwa kuujua msitu ulivyoishi wakati wa babu zetu. Na mwaka 2020 ulijengwa huko Yangambi mnara wa mita 55 wa kuupima msitu na hewa yake. Wale waandishi wa daftari hawakujua nani angezisoma. Walifanya kazi yao kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio unaotufaa leo.

MIOMBO INA KALENDA YAKE

Likasi haina mlima wa moto, wala haimo katika msitu wa mvua. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, uko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, katika nchi ya miombo. Miti hii inafuata majira kwa namna inayostahili kutazamwa. Katika kiangazi, Mei hadi Septemba, majani hukauka na mengi kuanguka. Kisha, hata kabla mvua hazijaanza, miombo hutoa majani machanga mekundu, ya rangi ya shaba na ya waridi, na kilima chote huonekana kana kwamba kimevikwa nguo ya sikukuu. Baada ya siku chache rangi hiyo hugeuka kijani. Ndipo mvua hufika, uyoga huota, na viwavi vinavyoliwa, ambavyo watu wa Katanga huviita vinkubala, huonekana kwenye majani.

Profesa François Malaisse na wenzake walianza katika miaka ya 1960 kuichunguza miombo ya Luiswishi, karibu na Lubumbashi, na kazi yao inasomwa hata leo na wanaotaka kuijua nchi hii. Lakini Luiswishi si Likasi, na miaka ile si miaka hii. Je, majani mekundu hutokea Likasi juma gani? Mvua zikichelewa, miti nayo huchelewa? Moto hupita kilimani mwezi gani? Mkulima mzee ana jibu lake, na jirani yake ana jibu jingine. Picha moja kila siku, yenye tarehe, itaweza kuwapatanisha.

Picha zipigwazo na satelaiti nazo zipo. Zile za Landsat zilianza mwaka 1972. Hizo huonyesha nchi nzima na ni msaada mkubwa. Lakini katika siku za mawingu huona mawingu tu, wala hazimwonyeshi mtoto mti ule anaoupita akienda shule. Kamera ndogo ya kilima kimoja yaweza.

NAMNA YA KUIWEKA

Kwanza ni mahali. Chagua mahali ambapo kamera haitahamishwa kwa mwaka mzima: ukuta wa shule au mnara wa kanisa. Usiifunge kwenye mti, kwa maana mti hutikisika na kukua. Kamera ikisogea kidole kimoja tu, kilima kitaruka katika filamu. Ifungwe kwa chuma na skrubu, kisha pigeni alama ukutani, ili ikiondolewa kwa kusafishwa irudishwe pale pale.

Likasi iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta. Katika Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini; katika Desemba hupita kusini kidogo, lakini juu sana ya vichwa vyetu. Kwa hiyo kamera itazame kusini ikiwezekana, jua lisije likaingia katika lenzi na kuiharibu picha. Iwekewe kipaa kidogo cha bati kwa ajili ya mvua. Mlinzi wake aipanguse lenzi kila juma, maana vumbi la kiangazi ni jingi, na buibui hupenda kutandaza utando mbele ya jicho la kamera. Katika majira ya radi, nyaya ndefu ni hatari. Fundi wa umeme aulizwe kabla chombo hakijapandishwa juu ya jengo.

Pili ni umeme. Kila mtu wa Likasi ajua kwamba umeme hukatika. Tuseme kamera na chombo chake cha mtandao vyatumia wati 5. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 120. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 40 ina wati-saa 480, lakini betri ya namna hiyo isitumiwe zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Nusu yake ni 240, yaani siku mbili. Paneli ya jua ya wati 50 yatosha kuirudishia nguvu siku za jua, na katika majira ya mvua yafaa kubwa zaidi. Si lazima kununua kamera mpya. Simu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka, lakini kamera yake ni nzima, yaweza kufanya kazi hii kwa programu ipigayo picha kwa saa iliyopangwa.

Tatu ni gharama ya mtandao, na hapa wengi hukata tamaa kwa kuwa hawakupiga hesabu. Picha ya wastani yaweza kuwa na kilobaiti 300. Ukipiga kila dakika 10, tangu asubuhi hadi jioni kwa saa 12, utapata picha 72, yaani megabaiti 21.6 kwa siku na kama 650 kwa mwezi. Kwa anayetaka kuona mawingu yakijikusanya, hiyo ni haki. Lakini majani hayabadiliki kila dakika 10. Kwa miti picha tatu zatosha: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Hizo ni megabaiti 27 tu kwa mwezi, mzigo ambao chama cha vijana chaweza kuubeba. Haba na haba hujaza kibaba, nao wanaoanza kwa makuu mara nyingi huachia njiani.

Nne, picha zihifadhiwe mahali pawili. Kamera iziweke kwanza katika kadi yake ya kumbukumbu, kisha izitume kwenye seva, yaani kompyuta inayozipokea. Njia moja ya kutumia ni ile iitwayo FTP, ambayo maelezo yake ya kwanza yaliandikwa mwaka 1971 na ingali inatumika katika kamera nyingi. Penye njia iliyofungwa kwa siri, hiyo ni bora. Mtandao ukikatika siku tatu, picha hazipotei: zipo katika kadi, zitatumwa baadaye.

Tano ni saa. Nchi yetu ina saa za namna mbili: Likasi na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Anayeiwekea kamera saa za Kinshasa atapata picha ya adhuhuri iliyochelewa saa moja, na akichanganya saa hizo mbili, vivuli vitarukaruka katika filamu. Kila picha ipewe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku na saa, kama hivi: 2026-09-14-1200. Hapo kompyuta itazipanga yenyewe kwa utaratibu wake.

Sita, kamera isiachwe ijichagulie rangi, mwanga na umbali kila mara, kama yaweza kufungwa. La sivyo leo kilima kitakuwa cha manjano na kesho cha buluu, na mtazamaji hatajua kama miti ndiyo iliyobadilika au ni kamera.

Mwisho ni kuunganisha. Zipo programu za bure zifanyazo kazi hii, na moja yao huitwa FFmpeg. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Picha 365 za adhuhuri, moja ya kila siku ya mwaka, zitakwisha kwa sekunde 15. Zikionyeshwa 12 kwa sekunde, zitachukua nusu dakika. Mwaka wa kazi kwa nusu dakika! Wengine watacheka. Lakini katika nusu dakika hiyo watu wataona kiangazi, moto, majani mekundu, mvua na kijani, na kama kuna miti iliyotoweka, wataona pia mwezi ilipotoweka. Siku zilizokosekana zisijazwe kwa picha za siku nyingine. Ziachwe wazi na kuandikwa, kwa sababu shahidi ajazaye pengo kwa uongo hasadikiwi hata asemapo kweli.

JICHO LISIWE MWIZI

Hapa twapenda kuwaonya vijana wetu. Kamera inayotazama kilima yaweza, ikigeuzwa kidogo tu, kutazama ua wa jirani, mahali mama aogeshapo watoto wake. Hilo ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yalinda maisha ya faragha ya kila mtu, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 yalinda habari za watu. Kabla ya kufunga kamera, vijana waende na mzee mmoja kwa majirani, wawaonyeshe picha yenyewe na kuwauliza. Waende pia kwa mkuu wa komine kuomba ruhusa. Kambi za askari, mitambo na nyua za migodi visitazamwe, ili kazi njema isigeuke mashtaka.

Neno la siri lililotoka na kamera kiwandani libadilishwe siku ile ile ya kwanza. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliviteka vyombo vingi vya intaneti, kamera zikiwamo, ambavyo wenyewe hawakubadilisha maneno hayo, ikavitumia kushambulia mitandao mikubwa. Mwenye nyumba hatundiki ufunguo wake mlangoni.

Pamoja na hayo, hatusemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Papa Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alivifundisha vizazi vyetu kuzipokea sinema, redio na televisheni kama zawadi, lakini kwa busara. Ni yeye pia aliyemweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani mbali naye. Alichoonyeshwa kilimsogeza karibu na ndugu zake. Hicho ndicho kipimo: je, picha hizi zatusogeza karibu na jirani, au zatufanya kumvizia?

BAADA YA KUONA

Tuseme basi mwaka umepita, na filamu yaonyeshwa ukumbini baada ya Misa. Watu wameona upande wa kushoto wa kilima ukiwa mtupu. Ni rahisi kusimama na kuwalaumu wachoma makaa. Lakini ni nani anunuaye gunia? Katika Katanga makaa huitwa makala, na jikoni mwa familia nyingi hakuna moto mwingine. Jambo hili lasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba kwenye mto Lufira, si mbali na Likasi, mtambo wa umeme wa Mwadingusha ulianza kazi mwaka 1930, na baada ya matengenezo makubwa ulirudishwa kazini mwaka 2021. Nyaya zapita juu ya vichwa vya watu, na chini yake mama apuliza makala. Mchomaji naye ana watoto wanaongoja karo. Picha zisitumiwe kumshtaki maskini mmoja. Zitumiwe kuwaita wote mezani: wauzaji, wanunuzi, chifu wa shamba na wakuu wa mji.

Na mezani hapo kuna ya kusema, maana muombo uliokatwa haujafa. Kisiki chake huchipuka kikiachwa bila kung’olewa na bila kuunguzwa mara kwa mara. Kuhusu moto, majaribio yaliyoanzishwa karibu na Ndola, nchi ya Zambia, katika miaka ya 1930, yalifundisha jambo kubwa. Mahali palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti iliangamia kidogo kidogo na majani yakachukua nafasi yake. Palipochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, moto ulikuwa mdogo na miti mingi ikaokoka. Palipokingwa na moto kabisa, miti ilizidi kusongamana. Basi kamera ikionyesha kwamba moto wa kilima hupita Septemba, wanakijiji wana neno la kupatana: kufyeka njia ya kuzuia moto, au kuchoma kwa uangalifu mwezi Mei au Juni chini ya usimamizi wa wazee, na kuacha sehemu moja ipumzike miaka kadhaa. Mwaka wa pili kamera itaonyesha kama mapatano yaliheshimiwa, na mwaka wa tatu kama machipukizi yamepanda.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliiita dunia makao yetu ya pamoja, akaonyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Na kabla yake Bwana wetu mwenyewe aliwaelekeza wanafunzi wake kwenye mtini, ili kwa kutazama tawi na majani yake wajue majira. Hakuona kwamba ni kazi ndogo kumfundisha mtu kuutazama mti.

Enyi wazazi wa Likasi, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru, vijana wenu wana simu mikononi usiku na mchana, na mara nyingi mwalalamika. Wapeni kazi ya kuzitumia kwa heshima. Wachague kilima kimoja, waombe ruhusa, wafunge kamera moja, na wapeane zamu ya kuilinda na kuandika katika daftari yale picha isiyoyaonyesha: siku ya mvua ya kwanza, siku ya uyoga wa kwanza, bei ya gunia la makala sokoni. Mwaka wa kwanza faida itakuwa ndogo. Mwaka wa kumi watakuwa na ushuhuda ambao mtu mwingine hana, na watoto wao watajua kilima kilikuwaje na nani alikitunza. Kuanza kwafaa sasa, kiangazi kingali hakijaisha, ili majani mekundu ya kwanza yasipite bila shahidi.